Sifuri Niliyoandika Kibokoni

Mwaka 2018 ulipoanza, Mji wa Kale ulijaa vijana wanaotembea kama wazee. Ungemwona mtu wa miaka 30 ashuka ngazi amekumbatia ukuta, kidato kimoja kimoja. Hamali wa Marikiti aliyekuwa akibeba gunia la mchele kama mto wa kulalia, sasa hawezi kukunja vidole ashike kikombe. Chikungunya ilikuwa imeingia Mombasa tangu mwisho wa 2017. Neno lenyewe ni la Kimakonde na maana yake ni kujikunja. Ugonjwa ulielezwa mara ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwenye Uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika. Kwa hiyo jina lilikuwa la jirani, na sisi tulikuwa tunajikunja kweli.

Mimi nilikuwa na miaka 20 na sina kazi. Muhula mmoja nyuma nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, afya ya mazingira. Sikufeli wala sikufukuzwa. Karo iliisha, mwisho wa hadithi. Nikarudi Kibokoni kwa nyanya yangu na begi moja na daftari la somo la wadudu. Majirani wakiniuliza nafungua chuo lini, nasema mwezi ujao.

Siku moja nikasikia watafutwa vibarua wa kuzunguka na bwana afya nyumba kwa nyumba. Malipo ya siku kwa siku. Nikaenda. Walinichukua upesi, na si kwa sababu ya daftari langu. Nilikuwa msichana wa mtaani, najua mlango upi wapigwa hodi na upi waingiwa kwa nyuma, na mwanamke wa nyumba hana haja ya kukimbilia leso akiniona.

Bwana afya wetu alikuwa mwanamke. Nilimwita Madam, lakini mtaa mzima ulimwita "bwana afya" vilevile, kwa sababu hilo ndilo jina la kazi. "Bwana afya yuwaja, amevaa sketi ya buluu!" mtoto alipiga kelele siku ya kwanza, na mama wa viazi karai pale pembeni akafunika karai lake kwa kasi sijapata kuona. Watu wengi wamjua bwana afya kwa hilo tu: cheti cha afya cha wapishi, leseni ya hoteli, kucha ndefu, mahamri yasiyofunikwa. Tangu ugatuzi wa 2013 yeye ni mtu wa kaunti, lakini sheria anayotembea nayo ni kongwe kuliko nyanya zetu. Sheria ya Afya ya Umma, Sura 242, ni ya 1921, enzi za mkoloni. Ina sehemu nzima ya mbu. Yasema visima vifunikwe, uani kusiwe na makopo wala chupa za kushika maji, na kwamba viluwiluwi kuonekana tu katika maji yako ni kosa. Haiulizi kwa nini una maji kwenye pipa.

Na mbu tuliyekuwa tukimsaka hataki mtaro. Wengi walitubishia hapo. "Nendeni mkaangalie mitaro ya nje, ndani kwangu kusafi!" Kumbe usafi wao ndio ulimpendeza. Aedes aegypti ni mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Auma mchana, kwa hiyo neti ya usiku haikusaidii sana. Ataga mayai juu kidogo ya mstari wa maji, kwenye ukuta wa pipa, na mayai hayo yaweza kukauka miezi kisha yakaanguliwa maji yakirudi. Ndiyo maana kumwaga maji hakutoshi, lazima usugue. Kutoka yai hadi mbu ni kama wiki moja hivi kwenye joto letu.

Sasa niambie, nani Mombasa hana pipa? Kisiwa hiki hakina mto. Maji ya mfereji yatoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, visima vya Baricho kando ya Sabaki, Marere kwenye milima ya Shimba. Yakifika huja kwa zamu, mara nyingi usiku wa manane, na nyumba nzima yaamka kukinga. Yasipofika twanunua kwa mkokoteni, mtungi wa lita 20. Visima vya mtaani vipo, lakini vingi maji yake ya chumvi, ya kuoshea tu. Kwa hiyo kila nyumba tuliyoingia ilikuwa na madiaba, ndoo, mapipa, mitungi chini ya kitanda. Mtu ahifadhi maji kama ahifadhivyo pesa.

Madam ndiye aliyenihadithia habari za Rabai, hapo juu tu ukitoka kisiwani. Kule mbu hao walikuwa wa aina mbili, wakiishi karibu kabisa. Mmoja wa msituni, alitaga kwenye mashimo ya miti na alipenda damu ya wanyama. Mwingine wa nyumbani, alitaga kwenye mitungi na alipenda damu ya watu. Mwaka 2014 watafiti walichapisha kwamba yule wa nyumbani anaijua harufu yetu kuliko mwenzake. Wataalamu wengi wafikiri kwamba mbu huyu alihamia kwetu kwa kufuata maji tuliyoyahifadhi wakati wa kiangazi. "Hatukumwalika," Madam alisema, "lakini tulimwekea maji."

Kazi yangu ilikuwa tochi, kata na fomu. Naingia, namulika ndani ya chombo, nachota, naangalia kama kuna kitu chajinyonganyonga. Kisha naandika: vyombo vingapi vina maji, vingapi vina viluwiluwi. Kutoka hapo wanapiga hesabu, katika kila nyumba 100 ni vyombo vingapi vyenye viluwiluwi. Mtaa wenye hesabu kubwa ndio unaoshughulikiwa kwanza. Fomu ni hiyo tu, na kwenye kisanduku kile ni namba peke yake.

Siku ya tisa zamu ilifika kichochoro chetu. Madam alikuwa nyumba ya mbele akibishana na mzee mmoja kuhusu tangi la juu ya paa. Nikaingia kwetu peke yangu. Nyanya alikuwa jikoni, amekaa kwenye mbuzi akikuna nazi.

"Shikamoo nyanya."

"Marahaba. Leo waja kunikagua mimi?"

"Ni kazi tu, nyanya."

"Haya, kagua. Lakini usinimwagie maji yangu. Nimeyakinga saa nane za usiku, wewe walala."

Pipa lake lilikuwa nyuma ya mlango wa choo, la buluu, limefunikwa sinia. Sinia lilikuwa limepinda upande mmoja. Nikafunua, nikamulika. Walikuwepo. Si wawili watatu. Tochi ilipowagusa walizama wote pamoja, kama watoto waliosikia mwalimu.

Nilisimama pale muda mrefu. Kichwani nikaona karatasi ya ilani imebandikwa kwenye mlango wake. Nikaona faini, na kizimba cha mahakama, na nyanya yangu ambaye hafagii chumba mara moja akaridhika, akiambiwa mbele ya majirani kwamba nyumba yake yazaa mbu. Na nikajiona mimi, mtoto aliyeshindwa na chuo, kazi ya kwanza aliyoipata ni kumshtaki aliyemlea.

Nikaandika 0.

Sinia nikalirudisha. Nilijiambia nitarudi jioni kulisugua pipa. Jioni nilikuwa nimechoka, na kesho yake maji hayakuja, na kumwaga pipa zima siku ambayo maji hayaji si jambo la kumwambia mtu. Siku zikapita.

Kama wiki mbili baadaye nyanya aliamka na homa. Kufikia adhuhuri hakuweza kusimama. Vifundo vya miguu vilivimba, vidole vikawa vigumu kama vijiti. Kwenye zahanati walituambia tunachokijua tayari: ugonjwa huu hauna dawa yake, ni kupumzika, maji mengi na vidonge vya kupunguza maumivu. Homa iliisha kwa siku chache. Viungo havikuisha. Kwa miezi minne nyanya yangu hakukuna nazi. Mimi ndiye niliyekaa kwenye mbuzi, yeye amekaa kitandani ananielekeza, na kila nikikamua tui aniambia sijakamua.

Siwezi kusema ni mbu wa pipa lile aliyemuuma. Mtaa mzima ulikuwa na mbu. Nimejipa jibu hilo mara nyingi, na ni jibu la kweli, na halijanisaidia.

Nilimwambia Madam tukiwa tumekaa kwenye baraza Ndia Kuu, tunakunywa maji ya madafu. Nilitegemea kufukuzwa. Hakusema kitu kwanza. Akafungua faili, akaitafuta fomu ya siku ile, akaipigia mstari ile 0, akaandika 1 pembeni, akanipa kalamu niweke saini. Kisha akauliza, "Ulifikiri nitamfanya nini nyanyako?"

Nikamwambia: ilani, faini, korti.

"Umenifuata siku ngapi? Umeniona nikimpeleka korti bibi yeyote?"

Sikuwa nimeona. Nilichoona kila siku, kwa macho yangu, ni Madam akisugua mapipa ya watu kwa brashi, akitia punje za dawa ya viluwiluwi, akifunga wavu juu kwa mpira. Sheria ya 1921 ilikuwa mkobani, lakini mkononi alikuwa na brashi. Ile 0 ilikuwa imemkinga nyanya na brashi.

Jioni ile Madam alikuja kwetu mwenyewe, akapiga hodi, akakaa mkekani. Pipa tulilisugua mimi naye. Nyanya alitutazama kutoka kitandani.

"Kwa mamangu kulikuwa na birika," alisema. "La mawe, ndani ya choo. Mlikuwa mna samaki wadogo ndani. Wajua kazi yao?"

Madam akatabasamu. "Kula viluwiluwi."

"Eeeh. Hakuna bwana afya aliyekuja. Samaki ndio mabwana afya."

"Birika likaenda wapi, mama?"

"Ulikuja mfereji. Watu wakasema birika ni mambo ya kizamani, wakalivunja, wakatia vigae. Sasa mfereji wakauka, na birika hatuna. Twanunua mapipa ya plastiki, kisha mwatwambia mapipa ni makosa."

Madam hakujibu. Angejibu nini? Fomu yake haina kisanduku cha kuandika kwamba mfereji ulikauka siku tano. Lakini niliona jambo ambalo sikuliona siku ile nikiwa na tochi: nyanya hakuona aibu hata chembe. Aibu ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyedhani namba ile yamhusu yeye kama mtu, wakati ilihusu pipa tu, na zamu ya maji, na kichochoro kizima kilichostahili kuhesabiwa.

Chuo sikurudi. Siku hizi naandika kwa kibarua, makala hii leo, tangazo la hoteli kesho. Wahariri huniuliza nilisomea wapi, nami nasema niliacha. Zamani nilikuwa nasema "mwezi ujao".

Na kila Ijumaa asubuhi nasugua pipa la nyanya, hasa pale juu ya mstari wa maji. Mwaka jana nilimletea samaki watatu wadogo ndani ya chupa. Akawaangalia, akacheka, akasema pipa la plastiki si nyumba ya samaki. Lakini alinituma nikawanunulie ndoo.

Jana maji yalikuja saa tisa usiku. Tuliamka sote.