Taabu Zatoka Wapi?

Katika vijiji vingi liko swali moja liulizwalo matangani, maiti akiisha zikwa na watu wakiwa wameketi jamvini. Swali lenyewe ni hili: Nani amemwua? Mtoto alishikwa na homa siku tatu, akafa. Tena alikuwa mtoto wa wazazi wacha Mungu. Wengine husema wazazi wametenda dhambi ya siri. Wengine humtazama bibi kizee akaaye peke yake. Sisi tufundishao watoto twaona imetupasa kulitafakari swali hili, kwa sababu jawabu lake laweza kumwua mtu.

Hatusemi hivi kwa kutia chumvi. Katika Usukuma, kusini ya Ziwa Viktoria, vikongwe wengi wameuawa kwa mapanga, hasa tangu miaka ya 1970, na alama waliyoonewa ni macho mekundu. Lakini macho huwa mekundu kwa moshi wa kuni na wa samadi kavu, uwaingiao wanawake miaka mingi wakiwapikia watoto na wajukuu wao. Basi waliadhibiwa kwa ajili ya kazi yao njema.

Tukifungua Maandiko twaona ya kuwa swali hili ni la kale. Wanafunzi wa Bwana Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, walitaka kujua dhambi ni ya nani, yake au ya wazazi wake. Bwana alikana yote mawili, kisha akamponya. Tena, habari za mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu 18, alikataa kwamba hao walikuwa wakosaji kuliko wenyeji wengine wa Yerusalemu. Akawataka wasikiao watubu wao wenyewe. Na Ayubu je? Rafiki zake watatu walikaa naye kimya siku 7, mchana na usiku, wala hawakukosa. Walikosa walipofumbua vinywa wakamtafutia hatia, na mwisho Mungu aliwakasirikia wao, si yeye.

Waliokuja baadaye walilisahau fundisho hili. Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, nchi ilitetemeka huko Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Makanisa yalikuwa yamejaa, yakawaangukia waliokuwa wakisali. Kisha bahari ikafurika, na moto ukateketeza mengi yaliyosalia. Watu maelfu kwa maelfu walikufa. Mwaka uliofuata padre mmoja, Malagrida, alichapisha kitabu kidogo akisema ni adhabu ya dhambi za mji. Lakini waziri wa mfalme, Pombal, alishughulika kuzika maiti na kuwapatia chakula waliopona. Je, katika hao wawili, ni yupi aliyewafaa wenye msiba?

Basi uovu ni nini? Augustino, askofu wa Hipo katika Afrika ya Kaskazini, aliyekufa mwaka 430 mji wake ukiwa umezingirwa na adui, alifundisha ya kuwa uovu si kitu kilichoumbwa na Mungu, bali ni upungufu wa wema, kama vile upofu ulivyo upungufu wa kuona. Tundu la nguo halina uzi wake lenyewe. Fundisho hili latusaidia kuuelewa uovu wa wanadamu: mtu amepewa hiari, naye akiitumia vibaya huharibu kilicho chema. Lakini mtoto aliyekufa kwa homa hakuitumia vibaya hiari yake. Hapo hatuna budi kunena kweli. Tangu mwaka 1897, Ronald Ross alipoona vijidudu vya malaria ndani ya mbu huko India, twajua homa hiyo huletwa na nini, wala si kizee. Ila kwa nini mtoto huyu afe na wa jirani apone, hilo Mungu hakutufunulia. Imani si kujua kila sababu.

Tulichofunuliwa ni kingine. Bwana Yesu alipokwenda kaburini kwa Lazaro alitoa machozi, ingawa alijua atamfufua. Yeye asiye na hatia alitundikwa msalabani, na waliopita njiani walimdhihaki. Kama taabu ingekuwa dalili ya dhambi ya mwenye kuteswa, msalaba ungemhukumu Mwana wa Mungu mwenyewe. Naye alifufuka siku ya tatu. Kwa hiyo twatumaini ya kuwa mauti haitatawala daima.

Basi, ndugu, tuendapo matangani tuchukue kuni, maji na unga, tuketi kimya kama rafiki za Ayubu katika siku 7 zile. Aanzaye kunong'ona jina la kizee tumkemee palepale, hata akiwa mkubwa wetu. Watoto waliobaki walale ndani ya chandarua. Na matanga yakiisha, tupite kwa yule kizee, tumpelekee kuni zilizokauka vema, maana mbichi ndizo zitoazo moshi.