Masale ya Nyuma ya Migomba

Katika gazeti letu hili wenzangu huandika habari za mpira, za mitihani na za safari za mbugani. Mimi nitawapa habari ya kosa nililolifanya kwa panga, na jinsi Babu alivyonitembeza siku moja hata nikalielewa kosa lenyewe.

Kwetu ni Old Moshi. Mtu akitoka mjini hupita Kiboriloni, kisha huanza kupanda mlima, na kadiri anavyopanda ndivyo baridi inavyozidi na migomba inavyosongana. Kihamba chetu ni kama vihamba vingine: migomba juu, mibuni chini yake, nyumba katikati. Lakini nyuma kabisa, mahali ambapo sisi watoto tulikatazwa kucheza, palikuwa na kichaka cha masale kilichofungamana sana. Hakuna aliyetueleza sababu ya kukatazwa, nasi hatukuuliza.

Likizo ya Desemba mwaka juzi, ndugu zetu wote walipokuwa wakitazamiwa kurudi nyumbani kwa Krismasi, niliambiwa nisafishe kihamba. Nilikuwa nimepata kipaimara mwaka ule ule, nami nilijiona mtu wa nuru kuliko wote. Vijana wenzangu walikuwa wamenidokeza kwamba kichaka kile ni mahali pa mizimu. Basi, bila kutumwa na mtu, nilikifyeka chote, nikayatupa masale kwenye shimo la takataka, nikaingia nyumbani nikijisifu.

Babu alipokwenda nyuma ya nyumba na kuona, alisimama kimya. Baadaye akaishika fimbo yake, akarudi ndani polepole. Hakunigombeza. Usiku ule hakula chakula. Kama angalinichapa ningaliona nafuu. Na Babu, wasomaji, si mtu wa matambiko. Ni mzee wa kanisa tangu kabla sijazaliwa. Kwa hiyo sikufahamu amehuzunika kwa nini, na kiburi changu kilinizuia kuuliza.

Muhula uliofuata Mwalimu wetu wa Historia alitufundisha habari za nchi ya Ireland. Alisema kwamba tangu mwaka 1845 hadi 1852 viazi vya nchi ile viliharibiwa na ugonjwa, watu wapatao milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi, na wengine wengi wakapanda merikebu kwenda Marekani na kwingineko. Leo vitukuu vyao huvuka bahari kurudi kutafuta asili yao. Hawaishii kwenye makaburi ya kanisani. Huenda Newgrange, kaburi kubwa la mawe lililojengwa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, kabla ya piramidi kubwa za Misri. Huko, katika siku zile fupi za Desemba, jua la asubuhi hupenya katika tundu lililo juu ya mlango na kuangaza chumba cha ndani. Hupanda Croagh Patrick, mlima wa mita 764 ulioheshimiwa tangu kabla ya Ukristo. Siku hizi Wakristo huupanda Jumapili ya mwisho ya mwezi wa Julai, wengine miguu mitupu, kwa kumkumbuka Mtakatifu Patrick. Na huko Kildare humkumbuka Mtakatifu Brigid, ambaye jina lake ni lile lile la mungu wa kike wa zamani.

"Watu wale," akasema Mwalimu, "hawaoni haya kwamba babu zao waliomba kabla ya kubatizwa."

Mwenzetu mmoja akauliza, "Na sisi, Mwalimu, tuna mahali kama hapo?" Mwalimu akamjibu kwa swali: "Nani kati yenu ni mwenyeji wa mlimani?" Mikono mingi ikainuka. Wangu haukuinuka. Nilikuwa nikiyaona masale yamelala katika shimo la takataka.

Likizo ya Juni ilipofika nilimwendea Babu nikamsalimu, "Shikamoo, Babu." Akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu." Nikamwomba anionyeshe mahali ambapo wazee wetu walikuwa wakiomba. Alinitazama kwa muda mrefu, halafu akasema, "Kesho uamke mapema. Na uvae viatu vya kutembea."

Tulitoka kabla ya jua. Mawingu yalikuwa yamefunguka, na Kibo kilionekana cheupe juu ya msitu. Babu akavua kofia. Akaniambia kwamba mzee wa zamani alitoka nje saa kama zile, akatema mate kidogo kuelekea jua linakochomoza, akamwomba Ruwa alinde watu na mifugo yake. Kutema mate kwao kulikuwa baraka, wala si dharau. "Jina Ruwa," akasema, "ni la Mungu, na ni la jua pia. Wamisionari walipotaka kulifasiri Neno katika Kichaga hawakuleta jina jipya. Walichukua hilo hilo Ruwa. Sasa niambie, waliomwita Ruwa kabla ya wamisionari walikuwa wakimwita nani?" Sikuwa na jibu.

Tukafika kwenye mfongo, yaani mfereji unaoyaleta maji ya mto kutoka juu mpaka vihambani. Iko mifongo iliyochimbwa kabla Mzungu yeyote hajaukanyaga mlima huu, ikapita kingo za mabonde kwa vipimo vya macho tu. Ukoo uliochimba mfongo uliheshimiwa, na maji hayakufunguliwa bila kuchinja mnyama na kuwakumbuka wazee walioutengeneza. Babu akasema, "Siku hizi tukikusanyika kuusafisha tunaanza kwa sala. Maji ni yale yale, na shukrani ni ile ile."

Kutoka hapo tulikwenda Tsuduni, mahali lilipojengwa boma la Wajerumani. Huko ndiko Mangi Meli, mwana wa Mangi Rindi, aliponyongwa tarehe 2 Machi, mwaka 1900, pamoja na Mangi Molelia wa Kibosho na viongozi wengine. Watu 19 waliuawa kwa pamoja. Nilikuwa nimeyasoma hayo, lakini kusimama mahali penyewe ni jambo jingine. Babu alieleza kwamba, kama inavyosimuliwa, kichwa cha Meli kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na jamaa zake wamekitafuta kwa miaka mingi. Nami nikamweleza habari niliyoisoma: mwaka 2023 watunzaji wa makumbusho ya Berlin walitangaza kwamba, kwa kuchunguza vinasaba, wamepata jamaa walio hai wa baadhi ya watu ambao mafuvu yao yalichukuliwa kutoka huku kwetu na kuwekwa huko.

Babu akatikisa kichwa. "Unajua kwa nini jambo hili linatuuma kuliko mauti yenyewe?" akauliza. "Nitakuambia tukifika nyumbani."

Tukaendelea kupanda mpaka Kidia, penye kanisa. Njiani alinifundisha historia ambayo ningepaswa kuijua. Waingereza wa misheni ya CMS walikuja kwa Mangi Rindi mwaka 1885, wakaondoka mwaka 1892 wakati wa vita baina ya Meli na Wajerumani. Mwaka 1893 Walutheri wa misheni ya Leipzig walianza kazi Machame, na baada ya hapo wakafika kwetu. Miaka hiyo hiyo mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wakijenga Kilema na Kibosho. Aliyenishangaza zaidi ni Mchungaji Bruno Gutmann. Yeye alifika nchi hii mwaka 1902, akahudumu Old Moshi miaka mingi mpaka mwaka 1938. Hakudharau mambo ya Wachaga. Aliketi na wazee, akaandika vitabu vikubwa juu ya sheria na mafundisho yao, na alitaka ukoo, ujirani na urika viwe nguzo za kanisa lenyewe. Nilitazama chini. Mgeni alitoka Ujerumani akaketi kuuliza, na mimi mwenye nyumba sikuuliza hata mara moja.

Alasiri tulirudi. Babu hakuingia ndani; alinipeleka moja kwa moja nyuma ya migomba, mahali nilipofyeka.

"Zamani," akasema, "mtu mzima aliyeacha watoto alizikwa ndani ya nyumba yake, amefungwa katika ngozi. Baada ya mwaka au zaidi mifupa ilifukuliwa, na fuvu likawekwa kihambani, masale yakapandwa kulizunguka. Hivyo mwenye kihamba hakukiacha kihamba chake. Hapa uliposimama wamo babu yangu mkuu na waliomtangulia. Baba yangu ndiye wa kwanza kubatizwa katika nyumba hii. Aliacha tambiko, hakumwaga mbege hapa tena. Lakini masale hakuyakata. Aliniambia, 'Mimi siwaombi wao, nawaombea. Nawe usiwafukuze.' Nami nimekaa na neno lile maisha yangu yote."

Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza: "Wenzetu wanatafuta vichwa vya babu zao Berlin. Vya kwetu viko hapa, na wewe ulivipitishia panga."

Wasomaji, sikuweza kusema neno. Nilikumbuka wale wajukuu wa Ireland wanaovuka bahari ili wasimame mbele ya jiwe, na mimi nilikuwa na jiwe langu hatua 40 kutoka jikoni kwa Bibi.

Kwa desturi yetu Wachaga, mtu aliyekosa hutwaa jani la isale akampelekea aliyemkosea, na anayeletewa isale hafanyi vema kukataa kusamehe. Kwa bahati, mpakani na jirani masale yalikuwa yamesimama bado, maana hayo hayo ndiyo alama ya mpaka. Nikaenda nikakata jani moja, nikarudi, nikapiga magoti, nikampa Babu kwa mikono miwili. Aliligeuza geuza kana kwamba analisoma. Halafu akasema, "Nimelipokea. Sasa kalete na vipande vya kupanda."

Isale si mti mgumu. Kipande chake kikichomekwa ardhini huota. Hata visiki nilivyoviacha vilikuwa vimekwisha kuchipua bila ruhusa yangu. Tulipanda mpaka giza likaingia, Babu akinionyesha kwa fimbo mahali pa kila kipande. Tulipomaliza alisali sala ya Bwana kwa Kichaga, na alipofika kwenye jina la Mungu nililisikia kama mara ya kwanza.

Nimerudi shuleni, na mambo mawili nimeyashika. La kwanza, imani yangu haikupungua siku ile. Imepata mizizi, maana sasa najua ilipandwa katika udongo gani. La pili, wazee hawasemi mpaka waulizwe, na muda wa kuuliza si mrefu. Babu amevuka miaka 80. Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Mimi naongeza kwamba asiyeuliza asili huweza kuikata kwa panga akidhani ni magugu.

Kwa hiyo, wenzangu, likizo ijayo mkifika nyumbani, kabla ya kushika panga mwulizeni babu au bibi: pale nyuma ya migomba pana nini? Nanyi wazazi mnaosoma ukurasa huu, tafadhali msingoje tukosee kwanza ndipo mtuambie.

Babu alinitumia salamu wiki iliyopita kwa simu ya Mama. Amesema masale yote yameota, isipokuwa kimoja nilichokipanda kichwa chini. Ameniachia nafasi yake, nije nikipande mwenyewe.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu