Gitaa Ni la Nani?

Mwaka 1949, katika kijiji kiitwacho Twist huko Arkansas, Marekani, kijana mmoja alikuwa akipiga gitaa kwenye ukumbi wa dansi. Yalikuwa majira ya baridi, na ndani ya ukumbi paliwekwa pipa la mafuta ya taa yaliyowashwa ili watu wapate joto. Wanaume wawili wakagombana, pipa likaanguka, ukumbi ukashika moto. Watu wakakimbilia nje, naye akatoka. Alipofika nje akakumbuka kuwa gitaa lake limebaki ndani. Akarudi motoni, akalitoa, nusura afe. Baadaye akaambiwa kwamba wale wawili walikuwa wakigombea mwanamke aitwaye Lucille. Akalipa gitaa lake jina hilo, na yote aliyoyamiliki baada ya hapo yakaitwa hivyo, ili ajikumbushe asirudie ujinga kama ule. Kijana huyo alikuwa B.B. King, aliyekuja kuwa mfalme wa blues, akafika hata Kinshasa mwaka 1974, na akafariki mwaka 2015.

Wengi hukipenda kisa hiki kwa sababu ya huyo mwanamke. Mimi kinanivuta kwa jambo jingine. Gitaa lile lilikuwa na thamani ya dola 30 hivi, nalo lilikuwa lake. Najiuliza: kati ya wapiga solo wetu wa Dar es Salaam wa miaka ya 1970 na 1980, ni nani angerudi motoni kuokoa gitaa la shirika?

Msomaji asidhani nawadharau. Nakumbusha tu jinsi bendi zetu zilivyokuwa. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Ndiyo iliyokuja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Vijana Jazz ilikuwa ya Umoja wa Vijana. Bima Lee ilikuwa ya Shirika la Bima. Polisi na Jeshi la Kujenga Taifa walikuwa na bendi zao. Mlimani Park ilianza mwaka 1978, na mwaka 1983 ikawa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, yaani DDC. Hata Super Matimila ya Remmy Ongala ilichukua jina la mfanyabiashara aliyekuwa mwenye vyombo.

Utaratibu huo ulikuwa na faida zake. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, akipata mshahara mwisho wa mwezi kama karani au dereva. Fedha za kigeni zilipokuwa adimu, kijana wa Temeke angepata wapi gitaa la umeme na spika zake kama si kwa chama au shirika? Bila mpango ule tusingesikia zile solo zilizotukesha Vijana Kinondoni, DDC Magomeni Kondoa na TCC Chang'ombe. Lakini kila kitu kina bei yake. Mwaka 1985, Orchestra Safari Sound iliyokuwa ya mtu binafsi ilipowachukua Muhiddin Maalim Gurumo, Abel Balthazar na wenzao kutoka Mlimani Park, watu walihama, vyombo vikabaki. Ndivyo ilivyokuwa kawaida ya mji huu: mtu akiondoka bendi, anaondoka na vidole vyake tu.

Sasa tumtazame mama mmoja wa Kimarekani, Elizabeth Cotten, mweusi wa North Carolina, aliyezaliwa mwaka 1893. Akiwa bado mtoto alifanya kazi za ndani, akadunduliza, akanunua gitaa kwa dola 3 na senti 75. Alikuwa shoto, na hakuzibadili nyuzi. Aliligeuza gitaa juu chini, akawa anapiga besi kwa vidole na solo kwa kidole gumba. Hakuna mwalimu ambaye angemruhusu afanye hivyo, na hakuna kiongozi wa bendi ambaye angemvumilia. Lakini gitaa lilikuwa lake. Mtindo ule uliopindukia ukawa mtindo wenye jina lake, na hadi leo watu hujifunza kuuiga.

Hapo ndipo ninapoona tofauti. Chombo cha shirika hupigwa saa za kazi, kisha hufungiwa stoo. Chombo chako hulala nawe chumbani, ukakigusa usiku wa manane, ukakikosea mara mia bila kuonwa na mtu. Wes Montgomery wa Indianapolis alifanya kazi za mchana kiwandani, na husimuliwa kwamba aliacha kipande cha kupigia akatumia kidole gumba ili asiwasumbue waliolala. Ndipo ikatoka ile sauti nene na laini ambayo wapiga jazz wanaitafuta mpaka leo. Sisi tunaoishi nyumba za kupanga za Tandika na Mwananyamala, ambako ukikohoa jirani anakwambia pole, tunaielewa vizuri habari hiyo.

Hata hivyo, nisije nikasema kwamba kumiliki gitaa ndiko kumiliki kila kitu. Huyo huyo Elizabeth Cotten alitunga wimbo wake mashuhuri, Freight Train, akiwa msichana mdogo. Kanisani wakamwambia nyimbo za namna hiyo hazifai, akaliacha gitaa kwa miaka mingi. Alilirudia akiwa mtu mzima sana, alipokuwa mtumishi wa nyumbani kwa familia ya Seeger, na rekodi yake ya kwanza ikatoka mwaka 1958. Kumbe huko Uingereza watu wengine walikwishausajili ule wimbo kwa majina yao. Haki yake ilibidi idaiwe. Alipopewa tuzo ya Grammy alikuwa amepita miaka 90.

Kwa hiyo kuna kumiliki chombo, na kuna kumiliki wimbo. Wanamuziki wetu wengi hawakuwa na hata kimoja. Walirekodi Radio Tanzania, nyimbo zikapendwa nchi nzima, kanda zikanakiliwa na kuuzwa barabarani, wao wakibaki na sifa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilitungwa mwaka 1999, wakati Mbaraka Mwinshehe, mpiga solo aliyejitoa Morogoro Jazz mwaka 1973 akaunda Super Volcano, alikuwa kaburini kwa miaka 20.

Na kuna kumiliki jina. Remmy alifariki Desemba 2010, lakini konda wa daladala bado anaita "Sinza kwa Remmy", na abiria wasiowahi kusikia wimbo wake hata mmoja wanashuka hapo. Ni heshima kubwa. Lakini Remmy alikuwa mwimbaji. Muulize abiria yule ni nani aliyekuwa akipiga solo nyuma yake, atakutazama tu. Batii Osenga hana kituo.

Mambo haya sikuyafikiria kwa raha ya kufikiri tu. Mpwa wangu, kijana wa Mbagala, amepata nafasi katika bendi ya hotelini. Gitaa atapewa na mwenye bendi. Mama yake, mdogo wangu, alikuja kwangu kunitaka nimkataze.

"Kaka," aliniambia, "gitaa halijampa mtu kiwanja."

Sikumbishia, maana amesema kweli kwa watu wengi tuliowajua. Lakini kijana ana miaka 22, na tukimkataza atakwenda. Nililoweza kuamua lilikuwa dogo: ama nimwache aanze kama walivyoanza wote, ama nitoe akiba niliyoitengea paa la nyumba nimnunulie gitaa lake mwenyewe. Nimelinunua. Si la bei kubwa. Ni la mchina, la duka la Kariakoo.

Nilimkabidhi mbele ya mama yake, nikampa masharti matatu. Apige la bendi akiwa kazini, lakini ajifunzie lake nyumbani. Kila wimbo atakaoutunga ausajili kabla ya kuupeleka kwa mwenye bendi. Na popote atakapopiga, jina lake litajwe.

"Na nikihama bendi, mjomba?" aliuliza.

"Ukihama," nilimjibu, "uhame nalo."

Mama yake hakusema kitu. Alilichukua lile gitaa, akaligeuza geuza kama mtu anayekagua kitenge dukani, kisha akauliza kama lina mfuko wake, maana mvua za Mbagala hazina adabu.