Simu ilipolia kanisani, nilijifanya simjui mama yangu

Hebu nikuulize, msomaji mpenzi: simu ikilia kanisani katikati ya maombi, wewe hufanya nini? Wengi wetu hugeuka. Tunamsaka mkosaji kwa macho, na tukishampata tunamkodolea mpaka ajute kutoka nyumbani. Mimi nilikuwa hodari wa mchezo huo. Niliucheza hadi Jumapili moja mwaka jana, simu ilipolia kwenye benchi letu, na mwenye simu akawa mama yangu mzazi.

Mama ana umri wa miaka 71. Simu yake ni ile ndogo ya vibonyezo tunayoiita mulika mwizi kwa sababu ya tochi yake. Huifunga ndani ya leso, leso akaitia kibetini, kibeti akakitia mkobani, na juu yake akapanga Biblia, kitabu cha nyimbo na sweta. Siku hiyo Mchungaji alikuwa akiwaombea wagonjwa na kanisa zima lilikuwa kimya. Mara mkoba ukaanza kuimba.

Mama akaanza kupekua. Ikatoka sweta, ikatoka Biblia, na kila kitu kilipotoka mlio ulizidi kusikika. Alipoipata, macho yake hayakuona ni kibonyezo kipi cha kukata. Mchungaji akaacha kuomba. Akasema kwenye kipaza sauti kwamba ikiwa anayepiga ni Mungu basi apokelewe, na kama si yeye aambiwe apige baadaye. Kanisa likaangua kicheko.

Na mimi je? Nilisogea. Sikusogea mbali, labda upana wa kitabu cha nyimbo tu, nikatazama mbele kama mtu aliyeketi karibu na ajuza asiyemfahamu. Naona haya kukuandikia jambo hili, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mama aliona nilivyosogea. Hakusema neno.

Sasa nikueleze ni nani aliyekuwa akipiga. Dada yangu, kitinda mimba wetu, anafanya kazi za nyumbani Saudia. Hana saa maalumu ya kupiga simu. Hupiga anapopata nafasi. Mara nyingine huwa ni saa nne asubuhi, mara nyingine usiku wa manane. Mama naye hana simu ya kisasa ya kumtafuta mtu kwa intaneti, na akipigiwa akakosa kupokea, hana salio la kutosha kurudisha simu ng'ambo. Kwa hivyo simu yake haizimwi. Huoga nayo ikiwa dirishani, hulala nayo chini ya mto.

Jumapili ile dada alikuwa anataka kusema kwamba anahamishwa kupelekwa nyumba nyingine, mji mwingine. Tulilijua hilo baada ya siku 23. Siku 23, msomaji wangu, hakuna aliyejua msichana huyo yuko wapi. Nilimpigia kwa nambari yake ya zamani, haikupatikana. Nilimwachia ujumbe, haukusomwa.

Jumapili iliyofuata nilimpitia Mama kama kawaida, nikamkuta hajavaa. Alisema goti linamuuma. Jumapili ya pili, goti. Jumapili ya tatu nikamuuliza, "Mama, goti gani hili linalouma Jumapili pekee?"

Akacheka kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, nikienda na simu ikiwa imewashwa nitachekwa. Nikiizima, mtoto atapiga asinipate. Bora nikae nayo hapa nisali peke yangu."

Maneno hayo yalinichoma. Mwanamke aliyenifundisha kusali, na ambaye kwa miaka mingi alifagia kanisa lile kila Jumamosi, alikuwa amefungiwa nje na kitu tunachokiita adabu.

Usinielewe vibaya. Sisemi simu ziachwe zilie ovyo. Nimeketi nyuma ya kijana aliyesoma arafa tangu wimbo wa kwanza hadi baraka za mwisho. Nimehudhuria arusi ambapo mama wa bibi arusi hakumwona bintiye akivishwa pete, kwa kuwa mbele yake palisimama ukuta wa mikono iliyoinua simu. Hata Papa Francis, Novemba mwaka 2017, alilalamika hadharani kwamba kasisi anapowaambia waumini wainue mioyo, wao huinua simu wapige picha. Alisema huhuzunika kuona simu nyingi hivyo, na kwamba wanaofanya hivyo si waumini tu bali pia mapadri na hata maaskofu. Kwa hivyo ugonjwa upo, na si wetu peke yetu.

Lakini tukumbuke pia kwamba simu haikuingia kanisani kwa kuvunja mlango. Tuliikaribisha. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 ilikuwa njia ya kumtumia mama pesa kijijini. Leo makanisa mengi yana nambari ya kupokelea sadaka na fungu la kumi, na imeandikwa ukutani. Vijana wanaisoma Biblia kwenye simu. Na mwaka 2020, makanisa yalipofungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya korona, ni simu iliyowaletea wengi mahubiri hadi sebuleni. Hata yalipofunguliwa Julai mwaka huo, waliozidi umri wa miaka 58 walitakiwa wabaki nyumbani. Hatuwezi kuiita simu malaika wakati wa sadaka na shetani wakati wa maombi.

Nilipokuwa nikiwaza hayo, nilikumbuka jambo la utotoni. Miaka ya tisini, kabla ya simu za mkononi kutapakaa kwetu, habari ya dharura ilikuja kanisani kwa miguu. Mjumbe aliingia kwa mlango wa nyuma, akamnong'oneza mzee wa kanisa. Mzee akapita kandokando ya ukuta, polepole, akamgusa mhusika begani. Ndivyo baba yangu alivyopata habari za kifo cha babu. Aliguswa bega, akainuka, akatoka. Hakuna aliyecheka wala kugeuka kumkodolea macho. Mahubiri yaliendelea, na watu waliokuwa karibu walianza kumwombea kimyakimya bila hata kujua kuna nini.

Ina maana kwamba kanisa siku zote lilikuwa na njia ya habari za dharura. Simu ilipokuja, tuliiziba njia hiyo kwa kudhani kila mtu sasa ana yake mfukoni, halafu tukabandika ilani: ZIMA SIMU.

Nilimwendea Mchungaji, nikamweleza habari za dada, na nikakiri jinsi nilivyosogea. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema hakujua, na kwamba mzaha ule alikuwa ameuzoea kiasi kwamba hata haufikirii. Jioni hiyo hiyo alikwenda kumwona Mama. Waliyozungumza sikuyauliza.

Siku hizi mlangoni pa kanisa letu huketi msichana mmoja wa kwaya. Mwenye mgonjwa hospitalini, mwenye mke anayekaribia kujifungua, au mwenye mtoto ng'ambo, humwachia simu yake na kumwonyesha anapoketi. Ikiita, yeye hutoka nje, hupokea na kusema, "Subiri kidogo, ninamwita." Kisha huja kando ya ukuta na kugusa bega. Mara ya kwanza alimwambia Mama, "Shosho, lete nikushikie." Mama alisita kama anayeulizwa ampe mtu mtoto mchanga, kisha akaitoa kwenye leso.

Sisi wengine tusio na dharura, msomaji wangu, tusijifiche nyuma ya wenye dharura. Inyamazishe simu kabla hujavuka mlango, usingoje kukumbushwa. Kagua pia kengele ya kuamsha, kwa maana kwenye simu nyingi hiyo hulia hata baada ya simu kunyamazishwa. Ikiwa umeiacha itetemeke, usiilaze juu ya benchi la mbao. Hapo hunguruma kuliko ingelia. Unayesoma Biblia kwenye simu, kata mawasiliano kwanza, kwani aya moja na arafa kumi haviendi pamoja. Ukitoa sadaka kwa simu, toa kisha uirudishe mfukoni. Picha za arusi mwachie aliyelipwa kuzipiga. Na ikiwa ni lazima upokee, keti karibu na mlango, utoke kwanza, ndipo useme halo. Kuinama chini ya benchi ukinong'ona hakumfichi mtu.

Na ikilia ya jirani? Hapa ndipo penye mtihani, na ndipo mimi nilipoanguka. Usigeuke. Kama ni mzee anahangaika na mkoba, msaidie kuitafuta. Mwoneshe kibonyezo, au ichukue utoke nayo. Itakuchukua nusu dakika. Mlio wa simu huisha, lakini kicheko cha kanisa zima mtu huenda nacho nyumbani.

Dada alipiga Jumanne moja usiku, akiwa salama. Mama alilia, akamgombeza, akalia tena. Jumapili iliyofuata nilimkuta amevaa tayari, yuko langoni ananingoja, na goti halikutajwa.

Wiki chache baadaye, tukiwa katikati ya wimbo wa pili, niliona mkono wa yule msichana ukitua begani pa Mama. Mama akainuka haraka kuliko nilivyomwona akiinuka kwa miaka mingi. Watu walimpisha. Mimi niliuchukua mkoba wake, Biblia na sweta, nikamfuata hadi nje, nikasimama karibu naye watu wote wakiona.