Tanbihi Chini ya Tenzi

Kazi ya kupanga kurasa niliianza Dar es Salaam kwa PageMaker, programu isiyokuwa na tanbihi zake yenyewe. Kila tanbihi tuliiweka kwa mkono chini ya safu. Mhariri akiongeza sentensi moja mwanzoni mwa sura, kurasa zote zilizofuata zilisogea, nasi tukarudia.

Kilichonifunza kazi hii barabara ni tenzi. Mshororo wa utenzi una mizani 8 tu; ukiupanga katika safu moja, nusu ya karatasi inabaki tupu. Kwa hiyo tulizipanga safu mbili. Lakini tenzi za kale zimejaa maneno ya Kiamu, lahaja ya Lamu, na kijana asiyejua kuwa mato ni macho na nti ni nchi anataka maelezo papo hapo, si mwisho wa kitabu.

Ugumu uko hapo. Ubeti una mishororo 4, na sikubali kuukata. Ukiwa wa mwisho katika safu ya kushoto, nao una neno la kuelezwa, tanbihi hudai nafasi chini yake na kuusukuma ubeti kwenda safu ya kulia. Ubeti ukihama, tanbihi huufuata, na kushoto panabaki pengo linalotosha ubeti uleule. Hapo humpigia mhariri simu: tufupishe maelezo kwa mstari mmoja, au tulieleze neno pale lilipotokea mara ya kwanza.

Programu ya InDesign, toleo la CS2 la mwaka 2005, ilileta tanbihi zinazojipanga, ila kila moja ilikaa ndani ya safu yake. Maelezo marefu ya kisa cha vita yalibanwa yakawa mnara. Kushoto zikabaki beti chache, kulia zikajaa. Ni toleo lililotoka Novemba 2016 lililoruhusu tanbihi kuvuka safu zote.

Tangu hapo nachagua. Maana ya neno mojamoja naiacha chini ya safu yake, jicho lishuke moja kwa moja. Maelezo marefu nayatandaza ukurasa mzima, safu zote mbili zifupike sawa na beti zitazamane.

Vijana ninaowafundisha nawataka wazisome tanbihi zote kabla ya kupanga ubeti wa kwanza, maana ndizo zitakazoamua beti ngapi zikae katika ukurasa. Msomaji wa leo anastahili kuwaelewa washairi wa Lamu bila kufunua kurasa huku na huku, na kumrahisishia hilo ni jukumu letu tunaopanga.