Kwa Fela ngoma haijalala!

Mwana wa mjini, ukifika Lagos usije ukaniambia uliishia hotelini! Nenda Ikeja, ulizia New Afrika Shrine.

Fela Kuti, baba wa Afrobeat, aliuita ukumbi wake Shrine, yaani mzimuni, na kweli alikuwa akitambika humo. Mwaka 1977 wanajeshi walivamia makazi yake, Kalakuta, wakampiga na kuyatia moto. Hakunyamaza. Lakini alipofariki Agosti 1997, wengi walidhani ndio basi tena, raha imezikwa naye.

Wapi! Mwaka 2000 wanawe, Femi na dada yake Yeni, walifungua Shrine mpya. Ukutani kuna picha za kina Nkrumah na Martin Luther King. Jukwaani Femi na saksafoni yake, jasho linamchuruzika. Kwa miaka mingi Alhamisi amekuwa akifanya mazoezi mbele ya watu, bure kabisa, kwa hiyo hata aliyefulia naye hujirusha. Si mchezo.

Mwaka 2018 hata Rais Macron wa Ufaransa alitinga hapo usiku. Baba mtu alifuatwa na askari, wanawe wanafuatwa na marais! Wewe vaa tu viatu vya kuchezea.