Moto wa Jirani

Mimi ni mtu wa zamani. Nilizaliwa ng'ambo ya mto Pangani, upande wa Bweni, katika siku ambazo njiti za kibiriti zilihesabiwa. Mama yangu alipoamka alfajiri akakuta majivu yamepoa, hakuhangaika. Alinipa kigae, akaniambia, "Nenda kwa shangazi yako ukaombe moto." Nilikwenda, nikapiga hodi, nikapewa makaa mawili matatu mekundu, nikarudi mbio huku nikiyapuliza yasije yakazimika njiani. Sikumbuki hata siku moja kuambiwa kuwa moto hakuna, ilhali nauona moshi ukitoka juu ya paa.

Nimeikumbuka habari hiyo kwa sababu ya jambo nililolitenda mwaka 2024, uzeeni mwangu, nikiwa mwalimu mstaafu hapa Tanga mjini. Machoni pa watu jambo lenyewe ni dogo, lakini limenikaa moyoni, nami naona heri niliandike kuliko kulificha.

Wengi wa wasomaji wangu wanaijua hotspoti, au wamewahi kuambiwa na vijana, "Babu, nirushie hotspoti." Kwa wale wasioijua nitaeleza kwa ufupi. Simu janja hupokea intaneti kutoka kwenye mnara wa kampuni ya simu. Mwenye simu akipenda, anaweza kuiamuru iigawe intaneti hiyo kwa vyombo vingine vilivyo karibu, kwa mawimbi ya redio yaitwayo waifai. Hapo simu hugeuka ikawa kama mnara mdogo wa nyumbani. Huwa na jina lake, ambalo kila aliye karibu huliona katika simu yake, na huwa na neno la siri lisilopungua herufi nane, ambalo huambiwa yule tu unayemtaka. Mawimbi yenyewe hayaendi mbali. Hatua kumi au kumi na tano, yakikutana na kuta za matofali, huwa yamekwisha kudhoofika. Simu nayo hupata joto, na chaji hushuka upesi. Lakini hayo si kitu. Kitu ni bando, maana kila anachokitumia mgeni hukatwa kwa mwenyeji.

Hapo ndipo hotspoti inapoachana na moto wa shangazi. Ukimpa jirani kaa moja, chakula chako hakilali kibichi. Ukimpa intaneti, umemgawia kutoka katika kibaba chako, na kibaba kina mwisho.

Jirani yangu ni mpika vitumbua. Nyumba zetu zimetenganishwa na uchochoro mwembamba, na dirisha la chumba changu linatazama ukuta wake. Binti yake wa pekee yuko Muscat, nchini Oman, anafanya kazi za ndani, kama wafanyavyo mabinti wengi wa mwambao huu. Yeye ndiye aliyemletea mama yake simu janja. Simu ilikuja, lakini fedha ya bando la kila siku haikuja nayo, na biashara ya vitumbua ina siku zake.

Jioni moja ya mwaka 2023 alinijia, akasimama mlangoni amejitanda kanga.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, dada. Karibu."

"Nimeambiwa simu yako inaweza kunipa mtandao. Mwanangu ananitumia sauti, hazifunguki."

Nilimwingizia neno la siri mwenyewe, maana herufi zangu hazikumpendeza. Tangu siku hiyo, kila baada ya sala ya Isha nilikuwa naiweka simu yangu dirishani, naye anatandika mkeka chini ya dirisha, mahali ambapo mawimbi yanafika vizuri. Nikiwa ndani na kitabu changu nilikuwa naisikia sauti ya yule binti ikitoka gizani: "Mama, shikamoo. Mimi mzima. Leo kulikuwa na wageni, nimechoka." Mama naye anaisogeza simu mdomoni na kujibu polepole, kama mtu anayeimla barua. Haikuzidi nusu saa. Kisha aliita, "Ahsante, Mwalimu, usiku mwema," akakunja mkeka wake.

Wala hakuwa mtu wa kupokea bila kutoa. Asubuhi nilipata vitumbua. Ramadhani ya mwaka 2024 nilipata futari karibu kila siku: muhogo wa nazi, tambi, na uji wa pilipili manga katika birika.

Sasa sikilizeni nilivyolipa.

Mwezi wa Februari mwaka huo huo mwanangu alikuwa ameniletea kompyuta ya mpakato, ili niandike kumbukumbu zangu. Niliiunganisha na hotspoti ya simu yangu, nikafurahi nayo. Lakini tangu mwezi huo bando langu likaanza kuugua. Nilikuwa nanunua GB 10, zinanifikisha mwisho wa mwezi na chenji inabaki. Mwezi wa Machi ziliisha tarehe 20. Mwezi wa Aprili ziliisha tarehe 17. Nilitafuta mwizi, na macho yangu hayakwenda mbali. Yaliishia kwenye mkeka ulio chini ya dirisha. Nilijiambia kuwa labda mama yule sasa anatazama michezo ya kuigiza. Nikajiambia tena kuwa labda neno la siri amewapa vijana wa mtaani, nao laini yangu imesajiliwa kwa alama za vidole vyangu mwenyewe, na wakifanya upuuzi nitaulizwa mimi. Hoja hii ya pili ilikuwa na maana, lakini siwezi kusema kuwa ndiyo iliyonisukuma. Nilisukumwa na uchungu wa bando.

Usiku wa Jumatano, tarehe 8 Mei 2024, nilibadili neno la siri. Ilinichukua muda usiofika dakika moja.

Ningeweza kumwambia. Uchochoro ule hauna hata upana wa hatua tatu. Lakini ningeanzia wapi, na sahani yake ya futari ilikuwa bado kabatini kwangu, sijairudisha? Basi Alhamisi alipouliza kulikoni, nilijibu kutoka ndani bila kunyanyuka, "Mtandao una matatizo leo, dada. Labda kesho." Ijumaa akauliza tena. Nikasema, "Bado wanatengeneza." Jumamosi hakuuliza. Nami, Mungu anisamehe, nilishukuru.

Jumapili, tarehe 12 Mei, mtandao ukakatika kweli. Intaneti yetu hutujia kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Waya wa kwanza wa aina hiyo, SEACOM, ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Siku ile nyaya hizo zote mbili zilikatika katika bahari ya kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Watu walizima simu zao na kuziwasha, wakazigonga mapajani, wakadhani zimeharibika. Huduma ilirejea kidogo kidogo katika siku zilizofuata.

Jioni ile nilikuwa nimeketi barazani. Jirani yangu alipita na ndoo yake ya maji, akanisalimu kwa adabu ile ile ya siku zote, kisha akasema, "Mwalimu, leo mtandao umekufa kweli."

Akaenda zake. Hakukaza sauti, wala hakunikazia macho. Lakini neno lile la mwisho lilinichoma kama mwiba wa samaki. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya siku nne tu.

Jumamosi iliyofuata mjukuu wangu, ambaye yuko chuoni, alikuja kunitazama. Nilimlalamikia habari ya bando. Hakuniuliza juu ya jirani. Aliifungua kompyuta yangu, akaingia mahali panapoonyesha matumizi ya intaneti ya siku 30, akanigeuzia kioo.

"Babu, mlaji wako huyu hapa."

Alinieleza hivi. Kompyuta ikikuta waifai, haijui kama inatoka kwenye waya wa ofisini usio na kikomo au kwenye simu ya mzee wa pensheni. Kwake waifai ni waifai. Basi kila nilipoiwasha niandike kurasa mbili za kumbukumbu, yenyewe ilikuwa ikijipakulia programu zake mpya kimyakimya, na picha nilizohamisha kutoka kwenye simu ikizipeleka kuhifadhiwa mbali. Zaidi ya GB 7 zilikwenda huko. Kuna mahali pa kuiambia kuwa mtandao huu ni wa kupimwa, nayo hujizuia, akapabonyeza. Kisha nikamwuliza, kana kwamba ni jambo la kupita tu, ujumbe wa sauti unakula kiasi gani. Akacheka. "Dakika nzima haifiki hata nusu ya MB, Babu." Nilikaa nikapiga hesabu ya mwalimu wa darasa la nne. Sauti za mama na binti, mwezi mzima, zisingefika hata GB moja. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nimemtafuta uchochoroni.

Kesho yake asubuhi niliichukua ile sahani, nikaenda. Nilimkuta mbele ya jiko anageuza vitumbua. Alinisogezea kigoda. Nilimweleza yote tangu mwanzo, pamoja na kompyuta, na sikujitetea. Alinisikiliza bila kuacha kugeuza vitumbua, maana vitumbua havisubiri toba ya mtu.

"Nilijua, Mwalimu," alisema. "Jina la simu yako lilikuwa pale pale kwenye simu yangu, na alama ya kufuli. Ila simu inakataa, inasema neno la siri si sahihi. Siku ya kwanza nilikuamini wewe, nikasema simu yangu ndiyo mbovu. Siku ya pili vivyo hivyo. Jumamosi kijana mmoja mteja wangu ndiye aliyeniambia kuwa nimebadilishiwa. Nikasema haya, kesho nitanunua bando langu. Kesho yake ndiyo hiyo mtandao ukafa nchi nzima."

Akanyamaza kidogo.

"Mwanangu alilazwa hospitali Ijumaa, kwa homa. Alinitumia sauti Alhamisi usiku ananiambia mwili hauna nguvu, nimwombee dua. Nimeisikia Jumatano iliyofuata, ameshatoka. Sikulaumu kwa bando, Mwalimu. Bando ni lako. Ungeniambia sina, au sitaki, Alhamisi ile ile ningekopa shilingi elfu moja nikasikia habari ya mwanangu. Uliniambia kesho, nikasubiri kesho."

Sikuwa na la kujibu. Nilifundisha watoto kwa miaka thelathini na zaidi, lakini somo lile sikuwahi kulifundisha wala kufundishwa.

Tangu siku hiyo nimelifikiri sana. Naona kosa langu halikuwa kunyima. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri; hata hivyo mtu ana haki ya kusema kuwa chake hakitoshi, na jirani mwenye akili huelewa. Zamani anayenyima moto alilazimika kunyima kwa mdomo wake, uso kwa uso, na mtoto mwenye kigae amesimama mbele yake. Aibu hiyo ilikuwa kazi ngumu, na kwa ajili ya ugumu wake watu walitoa hata walipokuwa hawapendi. Sasa tumepewa kufuli lisilo na mlio. Unabadili herufi nane kitandani, na asubuhi unamwitikia jirani salamu kama kawaida. Chombo kimeturahisishia kutoa, na kimeturahisishia kunyima vilevile. Lakini anayefungiwa huliona jina lako kila jioni, kama nami ningeuona moshi juu ya paa la shangazi, nikaambiwa moto hakuna.

Nilimpa neno jipya la siri siku ile ile, tukakubaliana mambo mawili. Hotspoti itakuwa wazi baada ya Isha, nusu saa, kama zamani. Na bando likiwa dogo nitamwambia, naye hatakasirika.

Siku ya kulitimiza hilo la pili ilifika. Mwezi mmoja niliandika mno, bando likakatika tarehe 27. Nilikwenda dirishani kabla hajatandika mkeka, moyo ukinidunda kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. "Dada," nikamwambia, "leo sina."

"Haya, Mwalimu. Ahsante kwa kuniambia."

Nikarudi kitini. Haukupita muda nikasikia ananiita. Alikuwa amenunua bando la siku kwa fedha yake ya vitumbua, na simu ameiegemeza juu ya tofali, karibu na dirisha langu.

"Washa simu yako, Mwalimu. Leo uombe kwangu."

Nilivaa miwani, nikatazama. Jina la simu yake lilikuwa limetokea juu kabisa ya orodha. Aliniita herufi moja moja za neno lake la siri, nami nikaziandika, polepole, nisikosee hata moja.